Flashi ya Uokoaji ya Linux: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Watumiaji wengi wa Linux wana flashi moja ya kuwashia kompyuta inapokataa kuwaka yenyewe, iliyolala kwenye droo, waliyoitengeneza siku ya kusakinisha mfumo na ambayo hawajaigusa tena. Huiamini kwa sababu ipo tu, na imani hiyo imejengwa juu ya mambo kadhaa ambayo si ya kweli.

"Nakili faili la ISO kwenye flashi, basi"

Faili la ISO la usambazaji wa kisasa wa Linux, kama Ubuntu, ni picha kamili ya diski, yenye jedwali lake la patisheni (migawanyo ya diski) na programu yake ya kuanzisha mfumo. Ukilinakili kama unavyonakili wimbo, flashi inabaki na mpangilio wake wa awali na ndani yake kuna faili moja kubwa ambalo ubao mama haujui la kulifanyia. Linatakiwa kuandikwa juu ya kifaa kizima kuanzia baiti ya kwanza, kwa amri ya dd au hata cp ya kawaida, na kinacholengwa ni, kwa mfano, /dev/sdb, yaani flashi nzima, si /dev/sdb1, ambayo ni patisheni yake moja. Kabla ya kubonyeza Enter, endesha lsblk, amri inayoorodhesha diski zilizopo, na ulinganishe ukubwa wa vifaa, kwa kuwa dd haiulizi swali, na herufi moja iliyokosewa inatosha kufuta mwanzo wa diski yenye kazi zako. Usichomoe flashi mara tu amri inapomalizika: sehemu ya data inaweza kuwa bado iko kwenye RAM, na amri ya sync ndiyo huhakikisha imeandikwa yote.

Dhana hii ina chembe ya ukweli kwa wanaotumia Ventoy, kwa sababu programu hiyo huweka kwanza kianzishi chake kwenye flashi, kisha mafaili ya ISO hunakiliwa kama mafaili mengine yoyote.

"Alama ya SHA-256 imelingana, kwa hiyo faili ni salama"

Alama hiyo, mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili, inathibitisha kwamba ulichopakua kinafanana na kile alichokikusudia aliyeiandika alama. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuelekeza kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon kwenye ISO waliyoitia mlango wa siri. Anayeweza kubadilisha kiungo anaweza pia kubadilisha alama iliyoandikwa kando yake. Ndiyo maana faili la alama hutiwa saini ya kidijitali ya GPG, na saini hiyo ina maana pale tu ufunguo wa kuikagua unapotoka mahali pengine unapopaamini.

"Iliwaka mwaka juzi, na leo itawaka"

Hii ndiyo dhana inayowaumiza wengi, kwa kuwa mara nyingi flashi yenyewe haikubadilika; kilichobadilika ni kompyuta inayotakiwa kuokolewa.

Chukua Secure Boot, kinga inayoruhusu kompyuta kuwashwa na programu zenye saini inayoaminika tu. Ubao mama hukagua saini ya programu ndogo iitwayo shim, inayotangulia kuwashwa kwa Linux, na matoleo ya shim yenye kasoro za usalama huingizwa kwenye orodha ya yaliyokataliwa. Agosti 2024 sasisho la Windows lilipeleka orodha mpya ya namna hiyo, na ingawa Microsoft ilikusudia kuziruka kompyuta zenye mifumo miwili, baadhi yake zilifikiwa. Wenyewe walipowasha Linux walikataliwa, na walipokimbilia flashi zao za zamani, nyingine zilikataliwa pia kwa sababu ileile. Wakati huo ilibidi Secure Boot izimwe kwanza kwenye mipangilio ya UEFI (programu ya ubao mama inayoanzisha kompyuta), jambo ambalo ni heri kujua namna ya kulifanya kabla ya siku ya dharura.

Mfumo wa mafaili nao husonga mbele. Toleo la 1.47.0 la e2fsprogs, zana za mfumo wa mafaili wa ext4, la mwaka 2023, liliwasha kwa chaguo-msingi kipengele kipya kiitwacho orphan_file. Diski iliyoumbizwa hivyo inaweza kufunguka vizuri chini ya flashi ya zamani, lakini e2fsck, zana ya ukaguzi iliyomo humo, itagoma kuikagua kwa kuwa haikitambui kipengele hicho, na ukaguzi ndio hasa uliokufanya uifuate flashi. Zaidi ya hayo, chipu za flashi hupoteza chaji polepole zinapokaa muda mrefu bila umeme.

Kwa hiyo andika flashi upya kila unapopandisha mfumo kwenye toleo jipya, kisha iwashe kwenye kompyuta ileile inayoitegemea. Kuona menyu pekee hakutoshi. Fungua diski iliyosimbwa (isiyosomeka bila nenosiri), ingia kwenye patisheni, hakikisha mtandao unakamata.

"Mfumo usipowaka, dawa ni kusakinisha upya"

Mara nyingi kilichoharibika ni GRUB peke yake, yaani programu inayoanzisha Linux. Ukiwa ndani ya flashi, pandisha (mount) patisheni ya mfumo kwenye /mnt na ile ya EFI, yenye mafaili ya kuanzishia, mahali pake, unganisha /dev, /proc na /sys kwa mount --rbind, ingia ndani ya mfumo huo kwa chroot, kisha endesha grub-install na, kwa Debian na Ubuntu, update-grub. Wengi hukwama hapa kwa sababu flashi iliwashwa kwa mtindo wa zamani wa BIOS ilhali mfumo ulisakinishwa kwa UEFI. Saraka ya /sys/firmware/efi ikikosekana, zima na uchague upya ingizo la flashi lenye neno UEFI.

Kwa njia hiyohiyo ya chroot, amri ya passwd hubadilisha nenosiri la root bila kuulizwa la zamani. Mwizi wa kompyuta naye anaiweza, isipokuwa diski iwe imesimbwa.

"Nina flashi ya uokoaji, mafaili yangu yako salama"

Flashi hiyo haina hata faili lako moja. Wanaotegemea Timeshift, programu ya kuhifadhi hali ya mfumo, nao wakumbuke kwamba kwa chaguo-msingi haichukui mafaili ya saraka ya nyumbani. Diski inapoanza kutoa makosa ya kusoma, usianze na e2fsck, ambayo huandika juu ya diski inayokufa. Nakili kwanza kila kinachosomeka kwenda diski nyingine kwa ddrescue, zana ya kunakili diski mbovu, kisha ufanye ukarabati kwenye nakala. Na kwa diski iliyosimbwa kwa LUKS, kichwa chake, yaani sehemu ya mwanzo yenye funguo, kikiharibika hata nenosiri sahihi halifungui kitu. Amri ya cryptsetup luksHeaderBackup hutoa nakala ya kichwa hicho, faili dogo la kuhifadhiwa nje ya kompyuta na mbali na macho ya watu, kwa kuwa nakala ya zamani bado hufunguka kwa nenosiri ulilokwisha kulibadilisha.