Tuta la Usiku Mmoja na Dhana Nyingine Potofu za Njia Panda

"Mtoto kagongwa, leo leo tunajenga tuta."
Hasira inaeleweka, lakini tuta la mawe au gogo lililofukiwa usiku nalo huua. Kingo zake ni kali, halina kibao wala rangi, na bodaboda mwenye taa hafifu hulikuta akiwa juu yake tayari. Tuta la mviringo linalokubalika kihandisi huwa na takriban mita 3.7 kwa kufuata mwendo wa gari, na kimo kisichozidi sentimita 10 katikati, ili tairi lipande na kushuka taratibu. Kandoni mtaro huachwa wazi. Ukizibwa, masika yakianza maji hutuama, lami huliwa, na shimo huchimbika pale pale madereva wanapofunga breki. Isitoshe, kujenga juu ya barabara bila kibali cha mwenye barabara ni kosa.

"Barabara ni ya Serikali, barua moja inatosha."
Kwa Tanzania, barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mijini na vijijini, tangu 2017, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Njia panda nyingi mbaya ni pale barabara ya mtaa inapoingia barabara kuu, kwa hiyo barua ni mbili. Ziambatane na muhtasari wa mkutano wa mtaa na mhuri wa mtendaji, nakala kwa diwani na kwa trafiki wa wilaya. Msiandike "tunaomba tuta". Ombeni ukaguzi wa makutano, na muweke namba: waliokoswakoswa na mwendo wa magari.

"Namba ni kazi ya polisi."
Polisi wana ajali zilizoripotiwa tu. Waliokoswakoswa hakuna anayewaandika. Watu wawili wenye daftari wakae wakiwaandika, saa 12 hadi 2 asubuhi na saa 10 hadi 1 jioni, siku ya kawaida na siku ya gulio. Kwa mwendo, pimeni mita 50 kwa kamba, wekeni alama mbili, kisha hesabuni sekunde kwa simu. Gari likipita kwa sekunde 3.6 liko kwenye kilomita 50 kwa saa, kikomo cha maeneo ya makazi. Likitumia pungufu ya hapo limezidi. Sekunde 6 ni kilomita 30. Kaeni barazani kama wapiga soga: dereva akiona daftari hupunguza mwendo, na hesabu yote inadanganya.

"Taa za kuongozea magari ndiyo dawa."
Si lazima. Njia panda ya pande nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari hukatana, kuungana au kuachana. Kipilefti, yaani mzunguko, chenye njia moja moja kina 8, na hakijui umeme umekatika. Ila kinataka nafasi.

"Shida ni bodaboda."
Wengine ndiyo. Lakini simameni kwanza kwenye kona yenyewe: kijiwe cha bodaboda upande huu, kibanda cha chipsi upande ule, ua la michongoma nyuma. Anayetoka mtaani haoni kitu mpaka tairi la mbele liwe limeshaingia kwenye lami. Anayekuja kwa kilomita 50 anahitaji kama mita 28 kusimama pakiwa pakavu. Kwa kilomita 30, kama mita 13. Hapa mwenyekiti wa mtaa hahitaji bajeti: akubaliane na kiongozi wa kijiwe pikipiki zisogee angalau mita 10 kutoka kona, na ua likatwe libaki chini ya sentimita 60. Mwenye kibanda atafutiwe pa kwenda kabla hajahamishwa. Asipopata, wiki ijayo atarudi pale pale, na mwavuli mkubwa zaidi.