Mashine haikati picha: dhana potofu kuhusu mapambo ya kukata nyumbani

Ujumbe huingia usiku, saa nne zimeshapita, na una vitu vitatu: picha ya mtoto, tarehe ya sherehe, na swali, "Dada, hiyo si unaiweka tu kwenye mashine?" Tarehe yenyewe ni keshokutwa.

Natengeneza mapambo nyumbani, hapa Dar es Salaam: vibendera, mapambo ya juu ya keki, maua ya karatasi, stika za ukutani. Mashine yangu ya kukatia karatasi na stika inakaa mezani, umbo lake kama printa, na nadhani hilo umbo ndilo linalowapoteza watu. Wateja wanadhani kazi inafanywa na mashine. Wanaonunua ya kwao nao hudhani hivyo, hadi wiki ya pili.

"Unaweka picha, inakata"

Iwe Cricut, Silhouette Cameo au ScanNCut ya Brother, zote zinakata kwa njia moja: zinatembeza wembe mdogo juu ya mstari. Uso wa mtoto haziuoni. Picha ya simu ni mamilioni ya vitone vya rangi, na hakuna kitone kinachosema shavu linaishia hapa. Mashine inataka mstari, yaani vekta, na mstari huo ama uuchore wewe ama programu iubahatishe.

Programu ya bure ninayoitegemea ni Inkscape. Ina kazi ya kufuatisha picha, na ndani yake inatumia programu ndogo iitwayo Potrace, iliyoandikwa na Peter Selinger. Inachofanya si uchawi: inatafuta mahali giza linapokutana na mwanga, inapitisha mstari hapo. Nembo nyeusi kwenye karatasi nyeupe inatoka safi kabisa. Kwa picha nyingine, subiri nikusimulie mlango.

Nilipiga picha ya fremu ya mlango Mji Mkongwe, Zanzibar, ile yenye maua yaliyochongwa yakipanda kutoka chini hadi juu. Nilitaka nakshi ile niikate kwenye manila kwa ajili ya mapambo ya send-off. Nikaiingiza Inkscape, nikabonyeza, nikapata kitu kama ramani ya visiwa. Nilikasirikia programu siku nzima. Kumbe mbao ni rangi moja, ua ni mbao na katikati ya maua ni mbao, kinachotofautisha ni kivuli peke yake. Jua lilikuwa linapiga kutoka kulia, kwa hiyo kila ua lilipata mstari upande wa kushoto, na kulia likawa wazi, limemwagikia la jirani. Programu ilikuwa imefuata kivuli kwa uaminifu wote. Kivuli ndicho nilichoipa.

Mwishowe nilianza upya. Kwanza nikanyoosha picha kwenye GIMP, programu ya bure ya kurekebisha picha, maana nilisimama karibu mno na nguzo zilikuwa zinaegemeana kwa juu. Kisha nikaiweka kama tabaka la chini, nikachora juu yake kwa mkono nusu tu ya ua moja. Nusu ile nikaigeuza, nikaziunganisha, nikapata ua zima. Ua moja nikalirudia hadi fremu ikajaa. Kuchora kulinichukua zaidi ya saa nzima. Kukata, dakika chache. Mteja anayelalamika kwamba "mashine imefanya haraka hivyo" ndiye huyu hajaona ile saa.

Nyuso za watu zina mtego wao, na sijaona unaelezwa vizuri popote. Ili uso ukatike, picha lazima iwe nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu. Unachagua mpaka wa mwanga kati ya 0, nyeusi tupu, na 255, nyeupe tupu: kilicho chini ya mpaka kinakuwa cheusi, kilicho juu kinakuwa cheupe. Programu nyingi hukuanzishia katikati, kama 128. Kwa mtu mweupe pua, mdomo na nyusi zinabaki. Kwa ngozi zetu, hasa kama picha ilipigwa ukumbini usiku, uso mzima unamezwa, yanabaki meno na kola ya shati. Nimeona watu wakiacha kabisa kazi za sura wakidhani mashine ndiyo mbovu. Teremsha mpaka ule, mimi mara nyingi natua kwenye 70 au 80, na kabla ya hapo inua kwanza mwanga wa rangi za katikati. Bora zaidi, omba picha nyingine, iliyopigwa mchana, mtu amekaa ubavu kwa dirisha. Shavu moja likiwa na mwanga na jingine kivuli, sura inajichora yenyewe.

"Kwenye simu inaonekana vizuri, itachapika vizuri"

Kioo cha simu ni kidogo na kinasamehe. Karatasi ya A4 haisamehi: ukitaka uchapaji wa vitone 300 kwa inchi, unahitaji pikseli, yaani vile vitone vya rangi, 2,480 kwa 3,508. Picha yenye pikseli 1,600 upande mrefu inatosha kama sentimita 13 na nusu, yaani chini ya nusu ya urefu wa A4. Na WhatsApp huipunguza picha ubora ukiituma kama picha. Itume kama dokumenti, inafika ilivyo.

Kuna wanaojibu, "si unaikuza tu kwa AI?" Naikuza, lakini napenda mteja ajue kwamba kilichoongezwa kimetungwa. Niliwahi kukuza picha ya marehemu bibi wa mteja kwa ajili ya bango la arobaini. Ikarudi na kope ndefu za bibi harusi. Tukarudi kwenye ile yenye ukungu, tukaichapa ndogo, ikapendeza.

Halafu ile picha ya aina ya PNG "isiyo na mandharinyuma". Ukiitafuta Google utaona miraba midogo ya kijivu na nyeupe nyuma ya ua, ukafurahi. Nyingi ya hizo, miraba imechorwa ndani ya picha yenyewe. Ukiipakua mashine inaiona kama sehemu ya kazi, na unatoa ua lililokaa juu ya ubao wa drafti. Iweke juu ya rangi nyekundu kwanza. Miraba ikionekana bado, umepigwa.

"Maneno ndiyo kazi rahisi"

Maneno ndiyo yaliyonitoa jasho kuliko picha.

Chukua "Eid Mubarak" kwa herufi za Kiarabu, pambo la juu ya keki, manila ya dhahabu. Kwenye kioo limekamilika. Wembe ukimaliza, unanyanyua neno, na nukta mbili za yaa na moja ya baa zinabaki kwenye mkeka wa gundi unaoshikilia karatasi. Hazijashikana na chochote. Msomaji wa Kiarabu ataikodolea macho keki ile akijiuliza imeandikwa nini. Kilatini nacho kina vitu hivyo: "Heri ya kuzaliwa" inaangusha nukta mbili. Dawa ni mbili, ama uunde kishikizo chembamba kutoka nukta hadi herufi, ama ukate kivuli cha neno kwenye karatasi ya pili, kinene kidogo, ubandike neno na nukta zake juu yake. Mimi nafanya ya pili. Vishikizo kwenye hati ya Kiarabu vinaweza kuzaa herufi ambayo haikuwepo.

Kwa kigezo cha kupakia rangi, ile karatasi yenye matundu ya herufi unayopaka rangi juu yake, mambo yanageuka. Pale kinachodondoka ni tumbo la O, la A, la B. Ndiyo maana maandishi ya kwenye masanduku na mapipa yana zile herufi zilizokatika katikati. Si mtindo, ni daraja la kushikilia tumbo.

Na hati ya mwandiko, ile herufi zinashikana mikono: kwenye kioo zimeshikana, kwa mashine kila herufi ni umbo lake na wembe utapita mpaka wa kila moja. Unapata jina la bibi harusi vipande vipande. Kuna amri ya kuyaunganisha maumbo kuwa moja, kila programu inayo. Ibonyeze kabla ya kukata.

"Bonyeza wembe kwa nguvu ndipo ukate vizuri"

Hapana. Stika unaikata tabaka la juu tu, karatasi ya nyuma ibaki nzima. Vinginevyo huwezi kuichambua, yaani kutoa ziada inayozunguka umbo, wala kuihamisha. Kata kwanza kamraba kadogo pembeni, kajaribu. Na karatasi ikichanika kwenye kona, mara nyingi kosa ni la mkeka wa gundi uliojaa vumbi au la karatasi yenyewe. Wakati wa masika manila yangu huvuta unyevu, inakuwa laini kama chapati ya jana, na siku hizo hakuna wembe utakaoisaidia. Naifunga kwenye mfuko wa plastiki usiku.

"Vinili ni vinili"

Vinili ni ile plastiki nyembamba ya kutengenezea stika. Aina mbili, Oracal 651 na 631, ukiziweka pamoja dukani zinafanana kiasi cha kuchanganya. 651 ina gundi ya kudumu, ni ya chupa, kioo, gari. 631 imetengenezwa ibandukike, ni ya ukuta wa ndani. Ukibandika 651 kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga, siku ya kuhama unabandua pamoja na rangi, na mwenye nyumba amesimama mlangoni. Ya kupiga pasi kwenye fulana ni nyingine tena, hiyo inakatwa maneno yakiwa yamegeuzwa kama kwenye kioo.

Hili la kufuata nalitilia mkazo. Usipeleke vinili ya PVC kwa fundi mwenye mashine ya leza eti akukatie haraka. Wembe hauna shida, leza inaunguza, na PVC ikiungua inatoa gesi ya hidrojeni kloridi. Inaharibu mapafu, inaozesha na mashine yake. Fundi anayejua kazi atakukatalia.

"Chukua tu iliyotumika, zote ni sawa"

Cricut za zamani zilizotegemea kartriji, yaani vibweta vya michoro vya kuchomeka, hazifanyi kazi na Design Space, programu ya sasa ya kampuni hiyo. Bei yake ni tamu kwa sababu hiyo hiyo. Uliza modeli kabla ya kutuma hela. Uliza pia kuhusu intaneti: Silhouette Studio ikishakaa kwenye kompyuta inafanya kazi bila mtandao, Design Space inataka akaunti, na sehemu kubwa ya kazi zake inataka mtandao. Machi 2021 Cricut ilitangaza kwamba asiyelipia kila mwezi atapakia picha 20 tu kwa mwezi. Wateja wakachachamaa, na mwezi ule ule ikarudi nyuma. Tangu siku hiyo kila mchoro wangu nauhifadhi pia kama SVG, faili ya vekta inayofunguka kwenye programu nyingine, kwenye flashi yangu.

"Iko Google, ni ya wote"

Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya 1999 na taasisi ya COSOTA ya kuisimamia. Kenya ina yake ya 2001 na KECOBO. Katuni ya mtoto kwenye vibendera unavyouza ina mwenyewe, hata kama umeikuta imezagaa.

Mama mmoja hakunielewa kwa hili, na sikumlaumu, maana kila duka la keki mtaani linazo. Nikamwomba mtoto anichoree anachokipenda, kwa makapeni nyeusi, kwenye karatasi nyeupe. Akaleta jogoo. Nilipoufuatisha mchoro ule, Inkscape iliutoa kwa mara moja, mstari mzima, bila kivuli cha kusumbua wala pikseli za kuhesabu. Ni kazi nyepesi kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Siku ya sherehe mama akaniita pembeni, ananinong'oneza kwamba jogoo ana miguu mitatu.

"Ndivyo alivyochorwa, mama," nikamwambia. Mwenye keki alikuwa ameshaanza kuwahesabia wenzake.