Rudi kushoto, nakuomba

Wiki hii tena. Kijana wa Vikindu, baiskeli nzuri tu, gia zinaingia, breki zinashika, ananiambia bila wasiwasi: "Kocha, mimi barabara ya Kilwa napita kulia, niyaone magari yanavyokuja. Kisogoni sina macho." Nimechoka kulijibu hili mtu mmoja mmoja. Leo naliandika, na atakayeniuliza tena namtumia hapa.

Najua linakotoka. Shuleni tuliambiwa sote kwamba mtembea kwa miguu akae kulia, magari yamjie usoni. Sawa kabisa, kwa mtembea kwa miguu. Yeye akiona mambo yameharibika anapiga hatua moja tu, yuko majanini. Wewe uko juu ya chuma, nyuma umefunga gunia la nazi, unakwenda kilomita 20 kwa saa. Jaribu kupiga hatua pembeni tuone.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Lori linakwenda 80, wewe 20. Mkielekea upande mmoja, linakukaribia kwa 60. Mkitazamana, linakukaribia kwa 100. Dereva akikuona mita 100 kabla, upande wa kushoto ana sekunde 6 za kufikiri. Upande wa kulia hazifiki 4. Na kishindo hakiongezeki sawasawa na kasi, kinakwenda kwa mraba wake, kwa hiyo hapo umekikuza karibu mara tatu.

Hata hivyo, si hilo linalonikera zaidi. Dereva aliye nyuma yako akikosa nafasi ya kuovateki anaweza kupunguza mwendo na kukufuata kwa hiyo hiyo 20 yako mpaka mbele kuwe kweupe. Anayekujia usoni atakufuata vipi? Hata akisimama kabisa, wewe bado unamwendea. Lazima mmoja atoke barabarani, na mwenye tela hatoki.

Halafu wanaotokea mitaani. Dereva anayeingia barabara kuu kwa kukata kushoto anatazama kulia kwake, maana magari yanatoka huko. Wewe unamtokea kushoto. Hana hata sababu ya kugeuza shingo. Sheria siisemi sana. Ipo tangu 1973, na baiskeli ni chombo cha usafiri kama vingine, kinakaa kushoto.

Haya, umerudi kushoto. Kushoto wapi? Hapa ndipo kila mtu, kuanzia konda hadi mama mkwe, anakuwa mtaalamu: "Bana pembeni kabisa!" Hapana. Piteni Bunju kwenda Mapinga mkautazame ukingo wa lami pale ulipoliwa na mvua. Lami inakatika kama ngazi, chini yake changarawe na mchanga. Ukijibana pale, shimo dogo tu linatosha kulishusha tairi la mbele. Sasa mtu anataka kurudi juu, anapinda usukani kidogo kidogo, tairi linasugua ubavu wa lami wala halipandi, baiskeli inanyooka huku mwili umeshalala kulia. Anaangukia ndani ya barabara, kwenye magari. Hakuna aliyemgusa. Ukishashuka, baki chini, punguza mwendo, tafuta pa kupandia, kisha lipandishe tairi likiwa limeielekea lami, si likiambaa nayo.

Kaa kama mita moja ndani, karibu na pale tairi za kushoto za magari zinapopita. Mtu aliyejibana ukingoni dereva humwona kama nguzo: anapita bila kugusa usukani wala breki, na saidi mira inakupitia sikioni. Akikukuta mita moja ndani inabidi aamue, ahame au angoje. Ile mita ya kushoto kwako ni akiba, utakimbilia huko siku asipoamua vizuri. Wabeba mkaa, mita yenu ipimeni kuanzia ubavu wa gunia, si kuanzia mpini.

Penye bega pana la lami, yaani ule ukanda wa pembeni nje ya njia ya magari, kama kwenye zile njia nane za Kimara hadi Kibaha, tumia bega, hakuna ubishi. Ila chunga daladala zinazochomeka kituoni, na bodaboda zinazokuja kinyume, zenye imani ile ile ya kijana wangu pamoja na injini juu yake. Bega likikaribia kuisha, geuka utazame nyuma mapema, bega likiwa bado lipo.

Lori likikupita, upepo wake kwanza unakusukuma nje, kisha unakuvuta ndani. Legeza viwiko, usikaze mikono. Na kichwa kikishapita usishangilie, tela bado linakuja, na dereva mwenye haraka hulirudisha kushoto kabla mkia haujakuvuka. Taa nyekundu nyuma, hata mchana. Spika za masikioni toa. Helmeti vaa, tutabishana siku nyingine.

Sasa yale ambayo mafunzo huyapitia juu juu. Mita moja ndani inamtegemea dereva aliye macho. Anayesinzia, au anayesoma ujumbe kwenye simu, hana habari na mita yako. Kioo kidogo kwenye mpini kinasaidia, lakini kioo hakimwamshi mtu.

La pili ni basi la upande wa pili linaloovateki. Dereva wake anapiga hesabu ya magari yanayokuja, na wewe hakuhesabu. Anaona njia tupu. Anaijaza njia yako yote, tena huku akikuwashia taa. Wataalamu watakwambia shika mstari wako, uonekane. Mimi nashika mstari mpaka nione basi limekwisha kuhama. Likihama, nashuka kwenye changarawe, nasimama, lipite, napanda tena. Ninaokwenda nao hunicheka, na sijui kama ninalofanya ni busara au ni woga. Ila mwenye magunia mawili ya mkaa hawezi kushuka hivyo. Akijaribu analala na mzigo wake. Wakiniuliza wao wafanyeje, nawaelekeza njia za ndani pale zilipo, na pale zisipokuwepo bado sijapata la kuwaambia.