Laktati si kimeng'enya, na LDH si laktati

"Vimeng'enya vya damu vimepanda, hali si nzuri." Sentensi hii ndugu wa mgonjwa wa sepsisi huambiwa wodini, nao huipeleka nyumbani hivyo hivyo. Ukifungua faili, mara nyingi kilichopanda ni laktati, zao la seli zinapovunja sukari, ambayo si kimeng'enya, yaani si protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini. Wakati mwingine ni CRP au prokalsitonini, vipimo vya uvimbe na maambukizi. Hizo nazo si vimeng'enya: CRP ni protini ya ini, na prokalsitonini ni malighafi ya homoni.

Sepsisi yenyewe haina maneno mengi. Kwa tafsiri inayotumika tangu 2016, ni pale mwili unapopambana na maambukizi kwa namna inayoharibu viungo vyake wenyewe hadi kuhatarisha uhai. Vijidudu si lazima vionekane kwenye damu. Ukali wake hupimwa kwa alama za SOFA, zinazoangalia mambo sita: oksijeni ya mapafu, chembe sahani, bilirubini (rangi ya njano inayosafishwa na ini), presha, fahamu na figo. Hakuna kimeng'enya hata kimoja humo.

Mkanganyiko unatokana na jina. LDH ni kifupi cha laktati dihidrojenasi, kimeng'enya kinachokaa ndani ya karibu kila seli na kugeuza piruvati, zao jingine la sukari, kuwa laktati, au kinyume chake. Laktati ndiyo inayotengenezwa, LDH ndiyo inayotengeneza. Anayeita laktati kimeng'enya ameliita tofali mwashi.

Fomu ya majibu inatosha kuzitenganisha. Laktati huandikwa kwa mmol/L, yaani wingi wa kitu kilichomo. LDH huandikwa kwa U/L, yaani kasi ya kazi: yuniti moja hubadilisha mikromoli 1 kwa dakika. Kwa hiyo "laktati 480" si laktati, ni LDH iliyoandikwa vibaya.

LDH ikijaa kwenye damu, maana yake seli zimepasuka au zinavuja. Seli zipi, haisemi. Zinaweza kuwa za ini, misuli au mapafu, na huku kwetu mara nyingi ni chembe nyekundu zilizovunjwa na malaria au selimundu. Ni kweli kwamba wenye sepsisi na LDH ya juu hufa zaidi kuliko wenye LDH ya chini, lakini namba hiyo peke yake haikuelekezi ubadilishe tiba gani. AST na ALT, vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia ini, zina mtego mwingine: ini likikosa damu kwa muda hupanda hadi maelfu, kisha hushuka ndani ya siku chache kwa sababu umwagikaji ulikuwa wa mara moja. Kushuka huko si ushahidi kwamba mgonjwa anapona.

Laktati ndiyo yenye nafasi rasmi. Mgonjwa anayehitaji dawa za kupandisha presha ili wastani wa presha ya ateri ufike 65 mmHg, na laktati yake bado imezidi 2 mmol/L baada ya maji ya kutosha, yuko kwenye mshtuko wa sepsisi. Katika takwimu zilizojenga tafsiri ile ya 2016, vifo vya kundi hilo hospitalini vilizidi asilimia 40. Ikiwa kipimo cha kwanza kimezidi 2, hurudiwa baada ya saa 2 hadi 4, maana mwelekeo una habari kuliko namba moja. Na haipandi kwa kukosa oksijeni tu: adrenalini, degedege, ini lililochoka, metformini (dawa ya kisukari) na malaria kali huipandisha pia.

Sampuli ndipo mambo huharibika zaidi. Ya laktati huchukuliwa bila kufunga mpira mkononi kwa muda mrefu na bila kumwambia mgonjwa akunje na kukunjua ngumi. Huwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye floridi, kisha kwenye barafu, na maabara huitenganisha haraka, kwa sababu chembe nyekundu huendelea kutengeneza laktati ndani ya chupa. Ya LDH ni kinyume: baada ya kutenganishwa hubaki kwenye joto la kawaida, kwani aina zake mbili, LDH-4 na LDH-5, hudhoofika kwenye baridi. Nayo damu ikivunjika kwa sindano nyembamba au kwa kutikiswa, LDH hupanda kwa uongo, kwa kuwa chembe nyekundu zimejaa LDH kuliko plazima. Anayetupa chupa zote mbili kwenye boksi moja la barafu amekwisha kuharibu jibu moja kabla ya kufika maabara.

Hata laktati sahihi si amri ya kumwaga dripu. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011 na kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ulihusu watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: karibu asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 ya wale ambao hawakupewa.

Basi, anayeandika faili aandike "laktati 4.1 mmol/L, saa 3 usiku" au "LDH 480 U/L, sampuli haikuvunjika", na neno vimeng'enya aliache. Ndugu akiambiwa "vimeng'enya vimepanda", si utovu wa adabu kuuliza: kipi, kwa kipimo gani, na cha saa ngapi?