Fundi, hii ina RAM giga 24

Wiki hii amekuwa wa tatu. Kijana wa chuo, kaniwekea simu mezani juu ya PS Vita, konsoli ya mkononi ya Sony niliyokuwa nimeifungua, skrubu zikatawanyika: "Fundi, soma sifa za hii konsoli ya mkononi ya ASUS, ROG Xbox Ally X. RAM giga 24! Nintendo wamekwisha."

Jamani. Tangu lini konsoli ya mkononi ikauzwa na chipu?

Mwaka 1989 Game Boy ya Nintendo ilitoka na kioo cha kijani kilichofifia, bila rangi, bila taa. Atari Lynx ikaja mwaka huohuo na rangi na taa, Sega wakafuata na Game Gear mwaka 1990. Zote mbili zilikula betri sita ndogo, zile za rimoti, na baada ya saa chache unatafuta nyingine. Game Boy ilikula nne, ukacheza zaidi ya saa kumi. Pamoja na mdogo wake, Game Boy Color, imeuza zaidi ya milioni 118. Haya, hilo tulimalize.

Linaloniudhi ni Vita, kwa sababu kila mtu ana jibu moja: eti simu ndizo ziliiua. Sasa 3DS ya Nintendo iliuzwa sayari gani? Simu zilikuwa zilezile, miaka ileile, nayo ikauza karibu milioni 76.

Vita ilikuwa na kioo cha OLED cha inchi 5 na vijiti viwili vya analogi, na ukiifungua unaona kazi ya watu makini. Iliingia Japani Desemba 2011, Marekani Februari 2012, kwa dola 250. Lakini dola 250 hazikukutosha kucheza. Toleo la kwanza halikuwa na nafasi ya ndani ya kuwekea gemu, kwa hiyo ulihitaji memori kadi, na si hizi za kwenye simu yako. Ya Sony peke yao, ndogo kama ukucha, haiingii kwenye simu wala kamera yako. Ya giga 32 ilikuwa dola 100! Na kuna gemu zilizokataa kuseve bila kadi hiyo. Mzazi kaja dukani na hesabu yake kamili, kafika kaunta, ndipo anaambiwa bado kuna kadi. Pembeni 3DS inauzwa dola 170, na kadi ya kuanzia imo ndani ya boksi.

Halafu gemu zenyewe. Monster Hunter ndiyo iliyoibeba PSP, mtangulizi wa Vita, huko Japani. Septemba 2011, miezi mitatu kabla Vita haijaingia sokoni, ikatangazwa kwamba Monster Hunter 4 inakwenda 3DS. Hapo chipu ikusaidie nini?

Turudi kwa Ally X, iliyotoka Oktoba 2025 kwa dola 1,000 kasoro senti moja. Ni mashine nzuri kweli. Ila ni kompyuta ya Windows: jina la Xbox pale juu halimaanishi kwamba gemu zako za konsoli zitaingia tu. Isiyo na toleo la kompyuta utaicheza kwa intaneti, kama bando linaruhusu. Switch 2 ya Nintendo ilitoka Juni mwaka huohuo kwa dola 450, ikauza milioni 3.5 kwa siku nne. Na Steam Deck, mashine ya mkononi ya Valve ya tangu 2022, inazidiwa nguvu na nyingi zilizoifuata, lakini bado ndiyo inayoulizwa: unabonyeza kitufe inalala, unabonyeza tena uko palepale ulipoishia.

Kuna mambo yananitatiza pia, nikiri. 3DS nayo ilianza kwa kuchechemea kwa dola 250, ikashushwa bei ndani ya miezi mitano. Kwa Marekani, Sony walingoja hadi Agosti 2013. Wangewahi, pengine leo ningekuwa naandika mengine. Na Switch 2 ilitoka kwa bei iliyomzidi mtangulizi wake, Switch ya kwanza, kwa dola 150 bila kumkimbiza mtu, kwa hiyo nadharia yangu ya bei inavuja. Tena huenda ASUS hawahitaji kuuza kama Nintendo. Mashine chache za bei kubwa zinaweza kuwatosha.

Kijana akabana: "Kwa hiyo niinunue au nisiinunue?"

Nikamuuliza ataanza na gemu gani. Akafikiri kidogo, akasema Zelda, gemu ya Nintendo wenyewe.

Nikainama kutafuta skrubu zangu.