Mtindo mpya au chama kipya? Karate na taekwondo zinavyomeguka

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, kumbi zetu za mazoezi zimechanganyika. Mtumishi kahamishwa kutoka Dar es Salaam na mkanda wake wa Goju-ryu, mtindo wa karate, mwingine katoka Mwanza na Shotokan, mtindo mwingine, mwanafunzi wa UDOM anakuja na cheti cha taekwondo chenye nembo ambayo hakuna anayeitambua. Mikanda ina rangi zilezile, karatasi hazifanani. Swali linalokuja kabla ya ngumi na teke ni hili: "Sensei, mkanda wangu hapa unahesabika?"

Ili kulijibu inabidi kujua huko juu kilivunjika nini. Mara nyingi ni chama tu. Mtindo haukuguswa.

Chama humegukia kwenye saini. Utaratibu wa dani, yaani madaraja ya mkanda mweusi, aliuanzisha Kano Jigoro katika judo, akatoa dani za kwanza mwaka 1883. Funakoshi Gichin akauingiza kwenye karate mwaka 1924. Dani ina mambo matatu: cheti, namba, na daftari la makao makuu linaloithibitisha namba hiyo. Mtahiniwa hulipa ada ya mtihani, akifaulu hulipa ya usajili. Fedha hiyo hugawanywa kati ya mtahini, chama cha nchi na makao makuu. Sasa mwenye kusaini akifa bila mrithi anayekubaliwa na wote, daftari la wanachama wa nchi kadhaa linabaki mezani na kila mkubwa anasema ni lake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni JKA, chama kikubwa cha Shotokan. Nakayama Masatoshi, mwalimu wake mkuu, alifariki mwaka 1987. Kufikia 1990 kulikuwa na makundi mawili, moja la Nakahara Nobuyuki na jingine la Asai Tetsuhiko, na yote yalijiita JKA. Kesi iliisha katika Mahakama ya Juu ya Japani mwaka 1999, upande wa Nakahara ukabaki na jina. Asai akaendelea na chama chake, JKS. Miaka yote hiyo ya kesi, Heian Shodan, kata (mfululizo wa miondoko) ya mwanzo ya Shotokan, ilibaki na miondoko 21, kiai (ukelele) kwenye wa 9 na wa 17, pande zote mbili. Wanafunzi walipigana na mawakili wakapigana, lakini kata haikutikisika. Kanazawa Hirokazu alikuwa ameshatoka mapema na kuanzisha chama chake, SKIF, mwaka 1978, na mtu wa SKIF akiingia kwenye darasa la JKA leo, atakosolewa vitu vidogovidogo: kasi, pembe ya nyonga, mahali pa kutulia. Hakuna atakayemwambia aanze upya.

Katika Kyokushin, mtindo mwingine wa karate, yalitokea yaleyale. Mwanzilishi wake, Oyama Masutatsu, alifariki Aprili 1994, wosia ukapingwa mahakamani, na mashirika yakazaana. Ukitazama vizuri mengi ya mashirika hayo, kanuni za pambano ni zilezile.

Goju-ryu inatuhusu zaidi kwa sababu ina wafuasi wengi Tanzania. Mwanzilishi wake, Miyagi Chojun, alifariki mwaka 1953 bila kumtangaza mrithi hadharani. Wanafunzi wake wakajitegemea: Miyazato Ei'ichi akawa na Jundokan, Yagi Meitoku na Meibukan, Toguchi Seikichi na Shoreikan, na Yamaguchi Gogen alikuwa na Goju-kai yake Japani bara. Baadaye, mwaka 1979, Higaonna Morio akaanzisha shirikisho la IOGKF. Hapa tofauti zinaanza kuonekana mwilini. Kata ya Sanchin ya Higaonna Kanryo, mwalimu wa Miyagi, ina kugeuka mara mbili. Aliyoifupisha Miyagi haigeuki, unakwenda mbele kisha unarudi kinyumenyume. Kuna dojo (kumbi za mazoezi) zinazofundisha zote mbili na kuna zinazoshikilia moja. Toguchi alitunga kata zake za mtaala, Gekiha na Kakuha zikiwemo. Yagi naye akaongeza Tenchi, Seiryu, Byakko, Shujaku na Genbu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Meibukan akikuonyesha Genbu usimwambie ameitunga nyumbani kwao.

Mkulima wa Hombolo angelieleza jambo hili haraka kuliko mimi. Pingili iliyokatwa kwenye mzabibu na kupandwa shamba la jirani inatoa zabibu ileile, hata shamba likibadilisha mwenye hati. Ukipanda mbegu ndipo unapata mzabibu ambao hujui utazaa nini. Vyama vingi vipya ni pingili.

Mbegu huwa ni kanuni za pambano. Mtu akikwambia ameanzisha mtindo, achana na nembo na rangi ya sare, muombe kanuni za kumite (pambano). Kanuni za Kyokushin zinaruhusu kupiga kwa nguvu bila glavu, mateke ya kichwa yapo, lakini ngumi ya uso hairuhusiwi. Matokeo yake wapiganaji wanasogeleana kifua kwa kifua, wanapigana ngumi za mwili na mateke ya paja, mikono inashuka. Ashihara Hideyuki, aliyejitenga mwaka 1980, alijenga mafunzo yake juu ya kuingia ubavuni mwa mpinzani na kumvuta atoke kwenye mstari. Hapo miguu ilibidi ijifunze upya. Azuma Takashi, naye aliyetoka Kyokushin, mwaka 1981 akavalisha watu kofia yenye kinga ya uso, akaruhusu ngumi za uso na kutupana. Mara moja umbali ukabadilika, ulinzi ukapanda juu, na mazoezi ya mieleka yakaingia kwenye ratiba. Hiyo ni mitindo kweli, maana miili inayotoka humo haifanani.

Taekwondo inaonyesha yote mawili kwa pamoja, siasa na mwili, na siasa zake ni za dola. Jenerali Choi Hong Hi aliunda shirikisho la ITF huko Seoul mwaka 1966. Akakosana na serikali ya Korea Kusini, akahamia Kanada mwaka 1972. Seoul ikajibu kwa kuunda shirikisho lake, WTF (leo World Taekwondo), mwaka 1973, na hiyo ndiyo iliyoingia Olimpiki kama mchezo kamili huko Sydney mwaka 2000. Choi akaipeleka taekwondo yake Korea Kaskazini. Katika mfululizo wake wa ruwaza 24, ambazo ni kama kata za karate, ile iliyoitwa Kodang ikatolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Juche, jina la itikadi ya Pyongyang. Kuna makundi ambayo hadi leo yanatumia Kodang, na ukijua hilo unaweza kukisia historia ya mtu kwa kumuomba ataje ruwaza zake tu. Choi alipofariki mwaka 2002, ITF yenyewe ikawa tatu.

Mwilini je? Katika kanuni za sasa za shirikisho la Olimpiki, ngumi ya kifuani ni pointi 1, teke la kiwiliwili 2, la kichwani 3, na la kuzunguka linaongezewa pointi. Ngumi ya uso ni marufuku. Ongeza kinga za kielektroniki, zilizoingia Olimpiki mwaka 2012, unapata mpiganaji anayesimama ubavu, mguu wa mbele uko hewani unagusagusa, mikono haina kazi kubwa. Wa ITF anaruhusiwa kupiga uso, kwa hiyo mikono iko juu. Uwashindanishe bila kukubaliana kanuni, na mmoja atatoka na pua inayovuja damu akidai ameonewa.

Sasa kwa wale wanaotaka kuanzisha mtindo wao hapahapa. Sipingi. Hata jina Goju-ryu lilikuja miaka ya 1930, wakati Dai Nippon Butoku Kai ya Kyoto, chama cha sanaa za mapigano za Japani, ilipokuwa inasajili mitindo, na fomu ikikuuliza jina la mtindo utalipata tu. Ninachokiona kinaharibika ni mchanganyiko usiopikwa: kata za Goju, misimamo ya Shotokan, na kufuli za jujitsu juu yake. Zenkutsu-dachi, msimamo mrefu wa Shotokan, takriban mara mbili ya upana wa mabega, inakuweka mbali na mpinzani; kiwiko na pigo la mgongo wa ngumi katika Gekisai, kata ya Goju, vinataka uwe karibu. Mwanafunzi anafanya kiwiko hewani, kisha anaambiwa hana nguvu. Kosa la pili ni mtaala ambao kihon (mazoezi ya msingi) ya daraja fulani haionekani kwenye kata yake wala kwenye kumite yake. La tatu ni mwanzilishi aliyekuwa dani ya tatu Ijumaa, na Jumatatu ni ya saba.

Na klabu yenyewe ijilinde kabla ya mpasuko. Ukisajili kupitia Baraza la Michezo la Taifa, jina liwe la mahali, tuseme Makole au Nkuhungu, na mtindo na shirikisho viwekwe kwenye kifungu cha katiba ambacho mkutano mkuu unaweza kukibadilisha. Akaunti iwe na watia saini watatu, fedha itoke kwa saini mbili, na barua ya kutumia ukumbi iandikwe kwa jina la klabu. Mwalimu akiondoka, ukumbi ubaki. Bila hivyo, wakubwa wakigombana mnahamia uwanjani, na mbigiri za Dodoma hazimuulizi mtu ni wa shirikisho gani. Daftari la mitihani liandike jina, tarehe, daraja, kata, mtahini na namba ya cheti. Nakala moja ikae kwa katibu, asiye mwalimu.

Nikirudi kwa yule aliyehamia na mkanda wake: akitoka chama kingine cha mtindo uleule, mkanda ubaki kiunoni. Afanye kata ya daraja lake na ile ya daraja la chini yake, kisha raundi mbili za kumite kwa kanuni zetu. Asipande daraja kwa miezi sita, azoee tofauti ndogo. Akitoka mtindo mwingine, ninashauri avae mkanda mweupe darasani na cheti chake kiandikwe daftarini kama kilivyo. Akienda mtihani wa dani, makao makuu mapya yatampa namba mpya na atalipa ada ya usajili tena. Aelezwe hilo siku ya kwanza, kabla hajanunua sare.