Jack Bauer hajakatwa: dhana potofu kuhusu diski za 24 na siriz zingine za kijasusi

Naandika hii mara moja nimalize, mtu akija tena dukani na lile lalamiko namwonyesha simu asome mwenyewe. Mi nauza na kukodisha diski za siriz, deki zikisumbua nazitengeneza pia, na siriz ya kijasusi inayonirudia mkononi kuliko zote ni 24, ile ya Kimarekani ya Jack Bauer, ajenti anayepambana na magaidi. Watu wanaipenda balaa. Ijumaa mtu anabeba sizoni nzima anafurahi, Jumatatu anarudi amenuna: "Kaka, umeniuzia seti iliyokatwa."

Haijakatwa jamani.

Hoja yao naijua kwa moyo sasa. Siriz inaitwa 24, sizoni moja ni siku moja, episodi moja ni saa moja, tena Jack mwenyewe anakwambia mwanzoni kwamba matukio yanakwenda na muda halisi. Sasa mteja anabonyeza rimoti aone muda, anakuta episodi ina dakika 43, nyingine 42, akiwa na seti ya Uingereza anakuta 41, anachukua kikokotoo anapiga hesabu anapata masaa 17 na kidogo, halafu anakuja kuniuliza mimi masaa 7 yameenda wapi kama vile nimeyafungia droo. Kuna anayesema wameondoa zile sehemu za Jack kutesa watu. Kuna mwingine, mzee mmoja ana heshima zake kabisa, ameshikilia kwamba sisi Afrika tunaletewa toleo la kupunguzwa na Wazungu wamebaki na lile kamili.

Masaa 7 ni matangazo ya biashara. Basi, hakuna siri nyingine hapo. 24 ilianza Novemba 2001 kwenye Fox, na Fox ni tivii ya biashara, inaishi kwa matangazo. Saa moja ya tivii ya namna hiyo Marekani, stori yenyewe inachukua dakika 43 au 44, zinazobaki ni magari, dawa za kichwa na baga. Chukua dakika 17 za matangazo zidisha mara 24, unapata dakika 408, yani masaa 6 na dakika 48. Chukua dakika 43 za stori zidisha mara 24, masaa 17 na dakika 12. Jumlisha. Ni 24 kamili, haipungui hata dakika.

Na walioitengeneza hawakusahau hilo, ndo ujanja wenyewe wa siriz. Ile saa ya rangi ya njano inayolia tititi haisimami wakati wa matangazo, inaendelea kutembea. Stori inakatika tuseme dakika ya 14, huko Marekani watu wanaangalia sabuni, wakirudi saa inasoma dakika ya 18. Kwenye diski matangazo hayapo, kwa hiyo unaona 14 na hapohapo unaona 18, na hapo ndo mteja wangu ananyanyuka kwenye kochi anapiga kelele "umeona, umeona, hapa wamekata!" Ndugu yangu, hapo hakuna kilichowahi kupigwa picha. Hizo dakika nne hakuna mwigizaji aliyeziigiza, hakuna kamera iliyowashwa, hazipo Los Angeles, hazipo London, hazipo popote. Na wale mnaouliza Jack anakula saa ngapi na chooni anaenda saa ngapi, jibu ni hilohilo, anaenda wakati wa matangazo.

Sasa hizo 43 na 41, maana kuna mtu aliweka seti mbili pembeni kwa pembeni akaja na ushahidi kama yuko mahakamani. Siriz za Kimarekani za namna hii zinakwenda picha 24 kwa sekunde. Diski za mfumo wa PAL, ambao ndo wa Uingereza na ndo tuliourithi huku kwetu, zinakwenda picha 25 kwa sekunde. Njia rahisi waliyokuwa wanatumia kuhamisha ni kuikimbiza tu, asilimia 4 hivi. Dakika 43 zinakuwa 41 na sekunde kidogo, sauti nayo inapanda kidogo, Jack anakuwa na sauti nyembamba kidogo, ila masikio mengi hayagundui. Picha zote zipo, hakuna hata moja iliyotolewa, zinapita haraka zaidi tu. Ukiwa na seti ya mfumo wa Kimarekani, NTSC, utapata zile 43. We chagua unayotaka lakini usiseme moja imekatwa.

Ushauri wangu ambao nautoa kila siku na hakuna anayenisikiliza: achana na dakika za rimoti, angalia saa ya kwenye stori. Episodi za 24 zimepewa majina kwa masaa yake, kutoka saa fulani hadi saa fulani, kwa hiyo ikikosekana hata moja utaiona tu. Sizoni ya kwanza inaanza saa sita usiku, episodi ya mwisho lazima ifunge saa sita usiku. Ya pili inaanza saa mbili asubuhi inafunga saa mbili asubuhi. Masaa yakifuatana bila kuruka na ziko 24, seti yako ni kamili nenda nyumbani kalale. Ikiwa umetoka saa tisa umeingia saa kumi na moja, hapo njoo, hapo una haki, ntakurudishia hela yako bila mdomo.

Kuna wajanja wanaoleta Spooks kama ushahidi. "Mbona Spooks ni ya kijasusi pia na episodi inakaribia dakika 60?" Kwa sababu Spooks ni ya BBC! BBC One kule Uingereza haina matangazo ya biashara, wananchi wanalipia leseni, kwa hiyo saa ni saa. Ilianza 2002 ikaisha 2011, sizoni 10, na kama unataka kujua ni wapi ilikatwa kweli, ni pale ilipopelekwa Marekani ikaitwa MI-5 ikaonyeshwa kwenye chaneli yenye matangazo, ikabidi ipunguzwe ili matangazo yapate nafasi. Yani ilikatwa kwenye tivii, sio kwenye diski, ni kinyume kabisa na mnavyofikiri. Diski mara nyingi ndo kamili kuliko kilichorushwa.

Na nikiwa bado kwenye Spooks, kutoona majina ya waigizaji mwanzo wala mwisho wa episodi sio dalili ya feki. Walifanya makusudi, majasusi hawatajwi majina. Mi naona ilikuwa bonge la wazo. Mteja mmoja alirudisha seti orijino kabisa, ya kava ngumu, kwa sababu hiyo, akaenda kununua kopi ya mtaani.

Live Another Day, ule mwendelezo wa 24, nayo imeniletea kesi nyingi. Ile ya 2014, Jack yuko London, diski zina episodi 12 tu na watu wanakuja na "nusu nyingine iko wapi." Hakuna nusu nyingine. Zilitengenezwa 12 tangu mwanzo. Stori inaanza saa tano asubuhi, inakwenda saa kwa saa mpaka usiku, halafu kwenye episodi ya mwisho wanaruka masaa 12 kwa mpigo, inafungia saa tano asubuhi ya kesho yake. Siku imetimia kwa hiyo, ila kwa mkato. Ukitaka kulalamika kwamba ni uvivu wa waandishi nitakuunga mkono, mi mwenyewe sikuupenda ule mruko, ila usiniletee mimi diski.

Haya na ile ya mwaka 2008. Watu wanapanga kava kwenye shelfu wanaona sizoni ya 6 ni ya 2007, ya 7 ni ya 2009, wanadai kuna sizoni imefichwa katikati. Kilichotokea ni mgomo. Waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia Novemba 2007, sizoni ya 7 iliyokuwa itoke Januari 2008 ikasogezwa mwaka mzima. Katikati wakatoa muvi moja, Redemption, Novemba 2008, masaa mawili ya maisha ya Jack akiwa Afrika, na waliipigia Afrika Kusini. Iangalie kabla ya sizoni ya 7 maana ndo inayofungua stori yake. Halafu tafadhali, Sangala, ile nchi ya kwenye hiyo muvi, sio nchi ya kweli. Haiko karibu na Kongo, haiko karibu na popote, wameitunga.

"Diski imepoteza sauti mwishoni mwa episodi." Aliyeniletea hii ni dada mmoja akiwa na sizoni ya 5, pale Edgar, mfanyakazi mwenzake Jack, anapokufa kwa gesi ya sumu. Saa inatokea kwenye skrini inahesabu kimyakimya bila ule mlio. Ni heshima kwa marehemu. Wanafanya hivyo anapokufa mtu muhimu, hata Ryan Chappelle, mmoja wa mabosi wa Jack, kwenye sizoni ya 3 alifanyiwa. Deki yako ni nzima, ongeza sauti tu ukitaka lakini hutasikia kitu.

Teri, mke wa Jack, hakufa? Amekufa. Ule mwisho mnaouona kwenye diski za sizoni ya kwanza ambapo Teri yuko hai ni mwisho wa akiba waliopiga pembeni, wakauweka kama zawadi kwa wanaonunua seti. Uliorushwa ndo wa kweli na sizoni zote zinazofuata zimejengwa juu yake, kwa hiyo ugomvi huo mmalizie hapohapo kwenye kochi.

Sasa kopi. Hapa nakasirika tena kidogo. Mtu ananunua sizoni nzima kwenye diski moja, wakati mwingine sizoni mbili, anaiweka kwenye tivii ya inchi 55 halafu anasema "hii 24 waliipiga vibaya, usiku wote ni giza na madoa ya mraba." Hawakuipiga vibaya! Seti yenyewe ina diski 6 za episodi, episodi nne kila diski. DVD ya tabaka mbili inabeba GB 8.5. Ukigawa GB 8.5 kwa episodi nne, kila sekunde ya picha inapata kama megabiti 6 na nusu. Ukibana episodi 24 kwenye diski hiyohiyo, sekunde inabaki na megabiti 1 na kidogo. Kitu cha kwanza kufa ni giza, na 24 ni siriz ya giza, magodauni, vyumba vya mahojiano, maegesho ya chini ya ardhi. Vile viboksi vinavyocheza kwenye ukuta nyuma ya Jack ni data iliyotupwa na aliyechoma kopi. (Ila vile viboksi vikubwa vinavyogawa skrini, vyenye watu tofauti wanaongea na simu, hivyo ni vya siriz yenyewe, mama mmoja alinipigia nikamrekebishie tivii kwa sababu ya hivyo.)

Tivii ya 4K haigeuzi DVD kuwa 4K. DVD ya PAL ina mistari 576, ya NTSC 480, tivii inazivuta tu zijae kioo. Ukitaka ukali nunua Blu-ray, ina 1080, na kwa 24 sizoni ya 7 ndo ya kwanza waliyoitoa hivyo, 2009.

The Americans, ile siriz ya majasusi wa Kirusi wanaojifanya Wamarekani, wanaolalamika kwamba Warusi wanaongea nusu saa hamna maandishi: siriz ina Kirusi kingi makusudi, na ilipoonyeshwa maandishi ya Kiingereza yalikuwepo chini. Kwenye diski yale maandishi yanaweza kuwa njia ya subtaito inayojitegemea, na mtu akinakili bila kuichukua inabaki Kirusi kitupu. Ingia kwenye setingi za subtaito kwanza. Kama haipo hata ukitafuta, basi una kopi, na hapo sina dawa.

Mwisho kodi za maeneo, yani zile namba zinazoamua diski isomwe na deki za nchi zipi. Diski ikikataa kusoma sio lazima iwe mbovu na sio lazima deki iwe mbovu. Tanzania, Kenya na Afrika karibu yote tuko kodi namba 5, Marekani ni 1, Uingereza ni 2, na Afrika Kusini na Misri wamewekwa hukohuko namba 2, kwa hiyo seti aliyokubebea shemeji kutoka Johannesburg inaweza kugoma kwenye deki iliyofungwa kodi ya hapa ingawa zote ni Afrika. Kodi na PAL ni vitu viwili tofauti, diski inaweza kukubali kodi halafu picha ikaja nyeusi na nyeupe inatetemeka, hapo tatizo ni mfumo wa rangi, badilisha kwenye setingi za deki. Deki nyingi za Kichina za bei ya kawaida zinasoma kodi zote bila kelele. Zinazosumbua ni zile za majina makubwa mlizoletewa kutoka ulaya, na hizo njoo nazo pamoja na rimoti yake, sio deki peke yake, maana bila rimoti siwezi kufungua chochote.